Mto Nilioupaka Mafuta Mdomoni

Kibirichia, Meru
Jumanne jioni

Kwako dada yangu Wanja,

Kama umeketi, simama, kwa sababu barua hii haisomwi na mtu aliyeketi. Mlima Kenya wenyewe siku hizi hauthubutu kuyeyusha theluji kabla sijafika mtoni na kalamu. Nikichelewa, mto unasimama unaningoja, na samaki wanaulizana Ireri yuko wapi. Mabaraza mawili ya huku na mji mzima wa Ulaya hawajui kama leo wana maji ama hawana mpaka mimi, Ireri mwana wa Njeru, niliyefukuzwa darasa la sita kwa kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba jibu lake si sahihi (na halikuwa sahihi), niandike namba moja kitabuni. Meya wa huo mji amenishika mkono, huu huu ninaoandikia. Sasa unaweza kuketi.

Mnaendeleaje huko Kiritiri? Goti la mama linasemaje na hili jua? Yule mbuzi wa pembe moja amezaa ama bado anatudanganya na lile tumbo? Ndengu zilifika kutoa maua ama zilikaukia njiani? Na yule fundi wa baiskeli aliyekuwa akija kila Jumapili kuomba maji ya kunywa, kiu yake imeisha ama ndiyo inazidi? Mwambie amwone mama kwanza, asinione mimi mdogo. Mimi sasa ni mtu wa kimataifa.

Na mama, bado anazunguka ile njia ndefu akienda sokoni, asipite pale mtoni baba alipofukiwa na mchanga? Simwambii aache. Nauliza tu.

Najua utamsomea barua hii, kwa ile sauti yako ya kusoma Injili. Msomee. Ila kuna mahali nitakuambia uruke. Ukifika hapo, ruka.

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe, utadhani mtu amepita akimwaga chumvi. Navaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na ya juu ni ya marehemu mume wa Mama Makena. Huyo Mama Makena ndiye mwenye nyumba ninayokaa, mjane, mkulima wa waru, hivi viazi vya huku kwenye baridi. Waru asubuhi, waru mchana, na jioni akitaka kunifurahisha ananiletea waru. Nimenenepa, mashavu yangu unaweza kuyashika kwa mikono miwili. Ana ulimi mkali kuliko wako. Siku ya kwanza aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Kiritiri, Mbeere, Embu kule chini kunakowaka. Akaita majirani, "Njooni mfunike mitungi, Kiangazi amefika!" Tangu siku hiyo jina langu ni Kiangazi. Watoto wananiita, wazee wananiita, hata katekista alinitangaza hivyo kanisani: "Ndugu yetu Kiangazi atatuombea." Nikaomba mvua kwa sauti kubwa, wakacheka mpaka benchi likalia.

Mimi nacheka nao, dada. Unanijua. Lakini jina likirudiwa kila siku linaanza kukwaruza, kama mchanga ndani ya kiatu.

Sasa nikueleze kazi, maana najua umewaambia watu kwamba nafagia ofisi.

Chini ya shamba la Mama Makena kuna mto. Ndani ya mto kuna ubao wa chuma, mrefu kunizidi, mweupe, umechorwa mistari myeusi kama rula ya shule. Karibu na chini una mstari mwekundu. Kila asubuhi na kila jioni nashuka, natazama maji yamefika wapi, naandika kwenye kitabu chenye muhuri wa baraza. Jumamosi anakuja Bwana Kirimi, ofisa wa mazingira wa baraza, na pikipiki yake kutoka Meru mjini. Anachukua zile kurasa, anazitia kwenye faksi. Faksi ni mashine inayomeza karatasi Meru na kuitapika Ulaya. Usicheke. Nimeiona kwa macho.

Na namba yangu ina kazi. Wamekubaliana hivi, mabaraza yetu mawili na ule mji: maji yakishuka chini ya mstari mwekundu, baraza la huku juu linafunga paipu zote za mashamba ya waru kwa zamu, ili mto uwafikie wafugaji wa nyikani, huko chini kabisa ambako ng'ombe wanautegemea. Baraza la chini linawatuliza watu wake wasipande kuja kupigana. Na mji wa Ulaya unatoa lori la maji lishuke kila siku mpaka mvua inyeshe. Nikiandika juu ya mstari, hakuna paipu inayofungwa wala lori linaloshuka.

Nilimwuliza Bwana Kirimi, mji wa watu wa mbali hivyo unataka nini na mto wetu? Akazima pikipiki, maana anapenda kusema akiwa ametulia. "Ireri, marais wameshakutana huko duniani, wamekubaliana mazingira yalindwe, wamepiga picha. Vizuri. Lakini mto haupiti ikulu. Mto unapita kwa diwani. Ndiyo maana sisi wadogo tumeamua kushikana mikono wenyewe, mji kwa baraza." Nikamwambia hayo maneno ni mazuri, aniachie niyatumie. Akasema niyatumie lakini nisiseme ni yangu. Basi nimesema si yangu.

Utauliza kwa nini mimi. Nilikuwa napakua mabomba kwenye stoo ya baraza kule Embu, Bwana Kirimi akaja kwa mkutano, akanikuta nasoma maandishi ya mabomba kwa sauti ili wenzangu wajue mimi nasoma. Huku kwao walikuwa wamegombana mwezi mzima. Watu wa juu walisema, akiwekwa mtu wa chini atasema mto umekauka hata ukifurika. Watu wa chini wakasema, akiwekwa mtu wa juu atasema umefurika hata ukikauka. Wakataka mgeni, asiye na waru wala ng'ombe hapa, mtu ambaye namba haimlishi wala haimnyimi. Nikawa mimi huyo. Mtu asiye na upande. Walinipigia makofi, Wanja, pande zote mbili kwa mara moja.

Kisha meya akaja. Ni mama, tena mfupi, ana gambuti za kijani na nywele kama pamba. Akaingia mtoni moja kwa moja, madiwani wamebaki ukingoni na suti zao wakishikana mikono wasiteleze. Akaugonga ubao wangu kwa kidole, akacheka. Bwana Kirimi akatafsiri: kumbe kwao wana ubao kama huu, tena katikati ya mji, lakini mstari wao mwekundu uko juu. Maji yakiufikia, watu wanabeba watoto na kukimbia. Akasema, "Sisi tunaogopa mto ukija. Ninyi mnaogopa mto ukienda." Akaniuliza mimi nauonaje. Nikamwambia, "Mama Meya, mto huu na mimi tumeelewana. Hautaniaibisha." Wakapiga makofi tena. Hapo ndipo akanishika mkono.

Mwezi uliofuata Bwana Kirimi akaniletea barua yao. Kurasa za kitabu changu zimebandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mji wao, watoto wa shule wanaletwa kuziona. Mwandiko wangu, Wanja! Ule ambao ulisema ni wa kuku aliyekanyaga masizi! Na chini ya barua meya ameandika kwa mkono wake, "Ireri, mto wako haujambo?"

Mto wangu ulikuwa na jambo. Jua lilikuwa limeanza.

Ulishuka kidole kimoja, kisha kingine. Wanawake wakija kuteka wananiona nimechuchumaa pale, wanasema, "Kiangazi, umeutazama mpaka umeona haya!" Mzee mmoja akaniambia, bila kucheka, kwamba tangu nije hawajaona mvua ya maana. Asubuhi maji yalipougusa mstari mwekundu, nilikaa ukingoni na kitabu magotini mpaka jua likapanda.

Unakumbuka ule mwaka wa njaa? Mama alikuwa akituita mmoja mmoja kabla ya shule. Anachovya kidole kwenye kile kibuyu kidogo cha mafuta ya mbuzi, anatupaka midomo. Tumbo tupu, mdomo unang'aa. "Mtu asijue," anasema. "Njaa ni ya nyumbani." Na sisi njiani tunajilamba polepole, wewe unanikataza nisimalize kabla ya kufika shuleni. Mwalimu anatuuliza, mmekula? Tumekula, mwalimu. Tumekula nyama.

Basi mimi niliupaka mto mafuta mdomoni. Mgeni ameniuliza mto wangu haujambo, nami ndiye mwenye nyumba. Utamwambiaje mgeni kwamba chungu ni kitupu? Niliandika vidole viwili juu ya mstari. Nikajiambia ni kwa siku moja, mawingu yamekaa mlimani, Jumapili itanyesha, mto utapanda na kitabu kitakuwa kimesema kweli mapema kidogo.

Haikunyesha. Na hilo ndilo jambo ambalo sikulipigia hesabu. Maji yanashuka kila siku, na kitabu kimekaa pale pale, kinang'aa mdomo. Bwana Kirimi hakugundua, maana mteremko ni mkali na viatu vyake ni vya ofisi. Anakunywa chai kwa Mama Makena, anachukua kurasa, anaondoka. Watu wa juu waliuona mto kwa macho yao, lakini nani atajisemea paipu yake ifungwe? Jioni moja Mama Makena alinitilia waru kwenye sahani, akasema bila kunitazama, "Ule mto umebaki kamasi." Nikamwambia, "Si mbaya sana." Akasema, "Mimi sina kitabu, Kiangazi. Wewe ndiye una kitabu." Nikala.

Kisha akaja Mama Boru.

Alitembea siku mbili kutoka nyikani, na punda mmoja na mitungi minne mitupu. Mwembamba, mrefu, shuka imefungwa begani, miguu imepasuka kama udongo wetu wa Septemba. Nilikuwa mtoni. Hakunisalimia. Aliutazama ubao, ukiwa umesimama kwenye matope kama mtu aliyeachwa na basi, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye msoma mto?"

"Ndimi. Karibu, mama. Umekuja kunipiga picha?"

"Nilienda kwa baraza letu, nikawaambia maji hayafiki. Wakafungua karatasi, wakasema maji yapo, kitabu kimesema. Nikasema basi nikakione hicho kitabu."

"Kitabu ni mali ya baraza, mama. Hakishikwi na kila mtu."

"Kwa kitabu chako mto uko. Kwa ng'ombe wangu hauko. Nimnyweshe kitabu?"

Nikacheka, Wanja. Ndivyo nilivyo, nikibanwa nacheka. Nikamwambia, "Mama, mimi natoka Kiritiri. Usinifundishe ukame."

Hakukasirika. Alikaa kwenye jiwe, akavuta pumzi kama mtu aliyefika. "Unatoka kwa jua? Basi nimepata mtu. Hawa wa hapa ukiwaambia maji yameisha wanafikiri ni maneno. Wewe unajua. Sisi sasa tunakunywa kutoka kwa mchanga. Boru wangu ndiye anachimba, ni rika lako. Kila siku anateremka zaidi. Siku niliyoondoka nilisimama ukingoni nikamwita, sikuona kichwa chake."

Nikageuka, nikaanza kuufuta ubao matope.

"Sikuombi maji," akasema. "Andika tu unachokiona. Leo."

Nikamwambia nitaandika. Mama Makena akamjazia mitungi na kumpa waru kwa mfuko, ingawa walikuwa wakigombana miaka yote juu ya mto huo huo. Akaondoka na punda wake kabla jua halijawa kali.

Na kweli nilitaka kuandika, dada. Nilifungua kitabu. Lakini jana yake nilikuwa nimeandika juu ya mstari, na ukweli wa siku hiyo ulikuwa chini sana, karibu na miguu ya ubao. Nikiandika vile ulivyo, kitabu kitaonyesha mto mzima umeanguka kwa usiku mmoja kama mtu aliyetoka juu ya paa. Hata mtoto wa Ulaya atauliza, huyu jana alikuwa anaandika nini? Basi nikapata akili. Akili yangu unaijua. Nikasema nitaushusha polepole, robo ya kidole kila siku, kama unavyomteremsha mgonjwa kitandani asishtuke. Nikahesabu: siku tisa, na kitabu kitakuwa chini ya mstari kwa heshima zake zote. Paipu zitafungwa, lori litakuja, na hakuna atakayejua. Nikajisifu. Nikasema profesa gani angewaza hivi.

Siku ya kwanza nikashusha robo. Ya pili, robo. Ya tatu Mama Makena akanisikia napiga mluzi.

Wanja, kuanzia hapa ruka, mama asisikie.

Siku ya sita Bwana Kirimi alikuja, na haikuwa Jumamosi. Hata kofia ya pikipiki hakuvua. Alisema kuna kijana wa nyikani amefukiwa na mchanga akichimba maji kwenye mto uliokauka. Kuta zilimwangukia. Walimchimbua kwa mikono na sufuria, wakamkuta amesimama wima, mtungi umening'inia mkononi. Nikamwuliza anaitwa nani, na nilikuwa najua. Akasema, "Boru fulani."

Wewe unakumbuka baba alivyokutwa. Mimi nilikuwa mdogo, wewe ndiye uliyenifunika uso na leso yako, lakini leso ilikuwa na tundu. Niliona. Sijawahi kukuambia kwamba niliona.

Bwana Kirimi akaendelea kusema, na kila alilosema lilikuwa sifa kwangu. Kwamba watu wa chini wanapiga kelele kwamba watu wa juu wameiba mto. Kwamba vijana wao wameshapanda na kukata paipu tatu, na vijana wa hapa wananoa panga. Kwamba baraza la chini limesema kitabu ni cha uongo, na baraza la juu limesema kitabu kiliandikwa na mgeni asiye na upande. Wameshaandikia Ulaya, na Ulaya imejibu kwa huzuni nyingi kwamba wanalia pamoja na familia, lakini kwa kuwa kitabu kinaonyesha mto ulikuwa juu ya mstari, hiyo ni ajali na si ukame. Lori wataendelea kulifikiria. "Kitabu chako ndicho kitakachotuokoa, Ireri," akasema, na akanipiga bega. Alhamisi hii kuna mkutano. Madiwani wa pande zote mbili, chifu, na mtu aliyetumwa na ule mji. Nitasimama mbele yao nishike kitabu, niape kwamba niliandika nilichokiona.

Nilishuka nyikani kutoa pole. Mama Makena alinipa waru nibebe, akaniambia, "Nenda wewe. Mimi wataniona paipu." Nilifika jioni ya pili. Walikuwa wameshamzika, wao huzika siku hiyo hiyo. Kule mtoni shimo lilikuwa limezibwa nusu, na hatua chache kutoka hapo wamechimba jingine, na kuna mtu ndani, anatupa mchanga juu kwa sufuria. Nilisikia sufuria ikikwaruza. Ng'ombe wamelala hawaamki, na wale waliosimama unawaona mifupa kupitia ngozi. Ndama mmoja alinilamba mkono, ule wa meya, akitafuta chumvi.

Mama Boru alikuwa amekaa na wanawake. Aliponiona alinyanyuka. Nikafikiri sasa nitapigwa, na nakuapia nilitamani. Badala yake alinishika kiganja, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule mtoto wa jua. Anatoka kwa ukame kama sisi." Akaagiza niletewe maji. Unajua mgeni hanyimwi. Kikombe cha bati, maji mekundu kidogo, mchanga umetulia chini. Yalikuwa yametoka kwenye lile shimo. Waliyateka kabla hajafukiwa, wakayahifadhi kwa ajili ya watakaokuja kutoa pole.

Nikanywa.

Akaniambia, "Najua uliandika. Ni hao wakubwa wa juu waliokataa kusoma. Wewe uliandika, mwanangu."

Mimi nilinyamaza.

Nimerudi huku jana. Leo asubuhi nilishuka mtoni, nikaandika ulivyo, chini kabisa, wino mweusi, bila vidole. Kitabu kimeanguka kama mtu aliyetoka juu ya paa, na kianguke. Bwana Kirimi bado hajakiona. Keshokutwa ni mkutano. Nimefikiria kukimbia, nimefikiria kukitupa kitabu mtoni, lakini hata mto wa kukibeba haupo.

Nitakipeleka nilivyokiandika, na nitasema siku gani niliongeza na kwa nini. Watanifukuza, hilo dogo. Hawa watu walikuwa wamejifunza kuaminiana kidogo, wa juu na wa chini na wale wa mbali, na daraja lao lilikuwa mimi. Sijui wataaminiana na nini tena. Lakini nikikaa kimya, siku tisa zitageuka miezi tisa, na ndani ya lile shimo la pili nilisikia sufuria.

Mahali nilipokuambia uruke, usiruke. Msomee mama yote. Alituuliza miaka yote nani alimwua baba, tukamwambia ni mchanga. Labda ilikuwa mchanga tu. Lakini labda mahali fulani juu ya mto kulikuwa na mtu, kama mimi, aliyekuwa anaona.

Barua hii Mama Makena ataitia posta kesho, akipeleka waru soko la Gakoromone. Ukiisoma, Alhamisi itakuwa imeshapita. Ukiniona natokea pale njia panda na sweta mbili na begi, jua nilisema. Ukisikia nimepandishwa cheo, usinifungulie mlango.

Nisalimie mjomba Ngari, mwambie mbuzi wake wa mahari waendelee kunenepa, sioi karibuni. Nisalimie shangazi Igoki wa kibanda cha chai, ambaye alisema nitafika mbali, nimefika. Nisalimie mchungaji, aniombee bila kuuliza sababu. Na fundi wa baiskeli, mpe maji, hata ya kikombe kimoja, asirudi na kiu. Mama mshike goti lile bovu kwa niaba yangu.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Wanja. Nimeikunjua tena. Pale juu nimeandika kwamba Mama Boru aliponiambia anajua niliandika, mimi nilinyamaza. Rudi ulisome hilo neno, kisha ujue si kweli. Sijalifuta kwa sababu nimechoka kurekebisha, na nataka uyaone yote mawili, lile nililoliandika na lile lililokuwa. Sikunyamaza. Nilikuwa na kikombe chake mkononi, wanawake wote wametulia wanisikilize. Nikapangusa mdomo, nikamtazama machoni, nikamwambia, "Ndiyo, mama. Niliandika."

Mdogo wako,
Ireri